Gari Halirudi Tupu

Jumapili, 9 Oktoba 1994

Sylus, nisamehe. Daftari hili ulinipa tarehe nne Septemba pale steji, ukapanda basi la Mombasa, na leo ndio nafungua ukurasa wa kwanza. Sina sababu kubwa. Mbula wetu aliota meno mawili kwa pamoja, akaharisha, akapona, halafu mgongo wangu ukanishika kwa kuinua mitungi. Kila nikikaa na kalamu usingizi unanitangulia. Tena uliniambia niandike ukweli, basi ukweli ni kwamba niliogopa. Najua daftari hili ndilo litakalouza gari moja.

Niyarudie maneno yako nione kama nilikuelewa. Pikapu ni mbili hapa uani: Pijo ya dizeli, ambayo inabeba maji tunayouza, na Datsun ya petroli uliyonunua kwa yule mwalimu wa Taveta. Siku ya pili ya Krismasi mafundi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta wanashindanisha pikapu kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa shamba la katani. Mita mia nne, mstari ulionyooka, mbili mbili. Fundi atakayeshinda atajulikana wilaya nzima, na ukijulikana wewe utaacha kazi ya Mombasa, ufungue gereji yako hapa, Mbula akujue kwa uso na siyo kwa picha. Mimi na ndugu yako Thadeus tuzijaribu zote mbili, niandike dakika na sekunde. Itakayokuwa na mbio ibaki, uitengeneze. Nyingine iuzwe kulipia spea.

Kama ni hivyo, nimekuelewa. Sasa na wewe unielewe. Mimi sitaki Pijo iuzwe. Ndiyo inayotulisha mimi na mtoto. Nalisema mapema ili usome yanayofuata ukijua moyo wangu umeegemea wapi.

Mvua hakuna.

Jumanne, 11 Oktoba

Jaribio la kwanza. Tulitoka asubuhi na pikapu zote mbili kwenda kisima cha shamba, Thadeus na Pijo, fundi Mzee Abdulghani na Datsun. Foleni ilikuwa ndefu. Kila gari likajazwa mapipa mawili ya maji, na tulipokuwa tunatoka ndio tukasimama uwanjani, maana kwenda tunakimbilia foleni na nafasi tunaipata tukirudi. Tulipima uwanja kwa kamba ya mbuzi ya mita ishirini, mara ishirini, tukaweka jiwe jeupe mwanzo na jingine mwisho. Mimi nilisimama mwisho na saa yako, Mbula mgongoni. Mzee Abdulghani alisimama mwanzo. Akivua kofia yake nyeupe, gari linaondoka na mimi naanza kuhesabu. Thadeus aliendesha zote mbili ili dereva awe mmoja.

Pijo sekunde 33.
Datsun sekunde 38.

Thadeus alishuka akicheka, akauliza Datsun ilikuwa inatafuta kitu njiani. Nilicheka pia. Nilirudi nyumbani mwepesi, hata mgongo haukuuma.

Alhamisi, 13 Oktoba

Foleni saa nne nzima. Hatukujaribu. Mvua hakuna.

Jumamosi, 15 Oktoba

Leo Mzee Abdulghani alinifungulia boneti zote mbili ili niandike kitu ninachokijua. Wewe umefanya kazi kwake miaka, mimi ndio kwanza naanza kumjua. Nilidhani ni mzee wa kununa. Kumbe huongea na injini kwanza, watu baadaye.

Alinieleza hivi. Injini ya dizeli nguvu zake zinakuja mapema, inavuta na haichoki, lakini ni nzito na haipendi kuzungushwa haraka. Ukitaka ikimbie utaiongezea mafuta, na mafuta bila hewa ni moshi tu, kwa hiyo utatafuta tabo, kile kipulizo cha kusukumia hewa ndani. Ukiweka tabo utataka gaskiti ngumu, ukiweka gaskiti utataka rejeta kubwa ya kuipoza, na hivyo hivyo hadi uuze nyumba. Ya petroli ni nyepesi na inakubali kuchezewa kwa bisibisi. Kabureta, taimingi ya cheche, ekzosi, basi.

"Ya dizeli wainunulia, mwanangu," akasema. "Ya petroli waitengeza."

Nikamuuliza, kama ni hivyo mbona Datsun inashindwa. Alikuna kichwa chini ya kofia, akaenda kunawa mikono.

Jumatatu, 17 Oktoba

Pijo 33. Datsun 37. Thadeus amekula ugali wa watu watatu na kusema ana usingizi. Sijui mama yenu alimlea vipi huyu.

Alhamisi, 20 Oktoba

Sikukuu ya taifa. Kisima kilifunguliwa nusu siku. Tulipotoka na maji tukamkuta njiani bibi mmoja wa Mbololo na gunia la mahindi na kuku wawili, akanyoosha mkono, Thadeus akasimama. Halafu wanawake wawili wa kanisani. Halafu mtu na baiskeli yake. Si unajua huku kwetu, pikapu haipiti na nafasi nyuma. Ukipita hivyo watu wanasema mwenyewe ana roho mbaya, na siku gari likikwama hakuna atakayelisukuma. Hata Thadeus na uvivu wake wote hajawahi kumpita mtu.

Tulipofika uwanjani aliwaomba washuke kwanza. Bibi akakataa katakata, akasema yeye amepanda gari la kwenda Voi, siyo la kushushwa porini. Basi tukajaribu naye. Pijo na maji na bibi na kuku, 34. Alipopita karibu yangu alikuwa ameshikilia pipa kwa mikono miwili na leso imempepea hadi usoni. Alituuliza kwani tunakimbia nini, na mvua yenyewe haijaja.

Jumapili, 23 Oktoba

Mbula amekaa peke yake bila kushikwa. Alijiangalia mikono kama mtu aliyeokota kitu.

Jumapili, 30 Oktoba

Jumatano na Ijumaa Mzee Abdulghani alifanya yale marekebisho ya bure, yasiyotaka spea. Kwa Datsun alisogeza taimingi mbele kidogo, akasafisha kabureta, akakata kipande cha ekzosi kilichooza. Kwa Pijo alizungusha skrubu ya pampu ya dizeli nusu mzunguko, ikatoa moshi mweusi hadi watu wa foleni wakatukana. Jana tukajaribu, maji yale yale, mapipa mawili kila moja.

Pijo 31.
Datsun 36.

Thadeus anasema sasa hakuna cha kujaribu tena, nikuandikie. Mzee Abdulghani alifunga boneti. Alizunguka Datsun mara mbili kama mtu anayetafuta mbuzi wake kwenye zizi la jirani.

Mimi nilifurahi, Sylus. Nimeandika nambari saba sasa na zote zinasema jambo ambalo nilikuwa nalitaka.

Mvua hakuna. Hata matawi ya mnyaa wa ua wetu yamesinyaa.

Jumamosi, 5 Novemba

Ulipiga simu kwa duka la jirani wa Mzee Abdulghani, nikaja mbio na mtoto na sabuni mkononi. Naandika tuliyosema ili nisije nikajidai sikusikia. Nilikuambia dizeli inaongoza, kila mara, kwa sekunde nne au tano. Ulifurahi hadi sauti ikapasuka. Ukasema umeona tabo kwenye gari lililopata ajali, mwenyewe anataka bei kubwa, na utamlipa nusu tarehe kumi Desemba. Ukasema yule mwalimu wa Taveta yuko tayari kuichukua Datsun yake tena, abebee ndizi. Halafu ukauliza Mbula ameota meno mangapi na simu ikakatika.

Ni matatu.

Jumanne, 8 Novemba

Mawingu yalijaa juu ya mlima Kasigau tangu asubuhi. Hayakushuka.

Jumamosi, 12 Novemba

Mvua. Imekuja mchana, imepiga mabati hadi hatusikiani. Nilisimama mlangoni na Mbula, akanyoosha ulimi nje bila kufundishwa.

Jumatatu, 14 Novemba

Mvua. Watu wametoa karai, sufuria, hata beseni za watoto, wamezipanga chini ya michirizi. Hakuna aliyenunua hata mtungi mmoja. Pijo iko uani na kuku wamelala chini yake.

Jumatano, 16 Novemba

Mvua kidogo. Tulienda kisimani kuchukua mpira wetu wa maji. Tukarudi.

Jumapili, 20 Novemba

Jumatano niliandika mstari mmoja na nusu. Mfupi, kwa sababu kuna kitu nilikificha. Leo Mbula amelala, nguo zimelowa tena kwenye kamba, sina la kunitorosha. Ngoja niandike.

Jumatano Thadeus alikuja kunichukua na Datsun twende kisimani tukalete mpira wetu, wasije wakaukata. Nilikaa mbele na Mbula. Kisimani hapakuwa na mtu. Pampu imezimwa, foleni hakuna, mlinzi mwenyewe ameenda kupanda. Tukachukua mpira, tukageuza. Njia nzima hakuna aliyetunyooshea mkono, maana watu wote wako shambani wamepinda migongo. Mara ya kwanza tangu nianze kupanda gari hilo, nyuma palikuwa na mpira tu umezungushwa kama nyoka.

Tulipofika uwanjani Thadeus akaona mchanga umeshikana vizuri kwa mvua, akakanyaga mafuta kwa mchezo tu. Sylus, kiti kilinisukuma mgongo. Mbula alicheka kile kicheko chake cha tumbo. Tulipopita jiwe la kwanza niliangalia saa bila kukusudia, kwa mazoea ya mkono, na tulipopita la pili nikaangalia tena.

Ishirini na tano.

Tukiwa watu watatu. Nilidhani saa imesimama, nikaiweka sikioni. Thadeus hakuwa na habari, alikuwa anasema mvua imeifanya barabara kuwa nzuri. Nikanyamaza. Nikashuka nyumbani, nikapika, nikaandika ule mstari.

Siku nne nimeibeba hiyo nambari. Nilikuwa najiambia ni mchanga tu. Nilikuwa najiambia Thadeus alianza kukimbia kabla ya jiwe, na kweli alianza kabla. Halafu najiuliza, kama ni hivyo mbona sitaki kujaribu tena? Jana usiku hata sikulala. Asubuhi nilikaa kanisani nyimbo tatu zikapita sijui tumeimba nini, nawaza wewe tarehe kumi unatoa jasho lako la mwaka mzima mkononi mwa mtu kwa ajili ya tabo, na mimi nipo hapa nimenyamaza ili niendelee kuuza maji. Ungeshindwa mbele ya wilaya nzima. Ungerudi Mombasa miaka mingine. Na mimi ningekuwa na Pijo yangu.

Baada ya ibada nilipita kwa Mzee Abdulghani. Nilimkuta kibarazani na mkewe Bi Mwanamvita wakichambua mchele. Nikamweleza yote, hata ile ya kunyamaza. Hakunikemea. Aliweka ungo chini, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Tumewapima punda wawili na shehena migongoni," akasema, "kisha twajisifu tumewapima mbio. Na mimi ndiye fundi. Miaka thelathini na miwili."

Bi Mwanamvita alimwambia asijilaumu, kwani kuna mtu hapa Voi amewahi kuona pikapu tupu? Hata yeye angeulizwa uzito wa gari angesema pamoja na maji.

Jumatatu, 21 Novemba

Tumejaribu upya. Kila kitu kimeshushwa, hata jeki. Mchanga ule ule, dereva yule yule, Mzee na kofia yake, mimi na saa.

Pijo 28.
Datsun 24.

Mara tatu tatu, na haikubadilika kwa zaidi ya nusu sekunde. Mzee Abdulghani anasema ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mzigo unaionea ile ndogo, kuondoka tu inapumua kama mtu wa pumu. Ukiutoa, ile kubwa inabaki na uzito wa chuma chake yenyewe.

Thadeus alikasirika. Sikuwahi kumwona hivyo. Alifunga mlango wa Pijo polepole sana, na mtu mkubwa akifunga kitu polepole ujue kuna jambo. Akasema hakuna mtu mwenye akili anayekimbiza pikapu tupu, pikapu tupu ni gari dogo lililokosa viti. Akaniuliza kama nitaandika. Nikasema nitaandika.

"Basi shemeji, Pijo umeiuza kwa mkono wako mwenyewe."

Akaenda nyumbani kwa miguu, kwenye matope, kilomita zote zile. Na kumbe yeye ndiye anayeipenda Pijo kuliko mimi. Mimi naipenda kwa chakula. Yeye nilimwona akiifuta taa kwa shati lake.

Jumanne, 22 Novemba

Mvua. Thadeus hajaja.

Jumatano, 23 Novemba

Mvua. Thadeus hajaja. Nimepika ugali nikazidisha kwa mazoea.

Alhamisi, 24 Novemba

Alikuja alfajiri na spana zake. Hakusalimia vizuri, alisema tu kama ni kupunguza uzito basi tupunguze, tusifanye nusu nusu. Akafungua bodi ya nyuma ya Datsun, akaitoa. Akatoa tairi la spea, bampa zote mbili, kiti cha abiria, na ule mkeka wa chini uliojaa mchanga wa tangu Taveta. Mzee Abdulghani alikaa kwenye kreti akionyesha kwa kidole, tangi la petroli libaki na robo tu, tairi ziongezwe upepo. Mpaka saa sita Datsun ilikuwa imebaki kama kuku aliyenyonyolewa.

Halafu nikagundua kitu. Kazi yote hiyo ya asubuhi nzima hatujanunua chochote.

Nilimwambia Thadeus hivyo. Alikuwa amelala chini ya gari, naona miguu tu. Halafu akauliza, akiwa huko huko chini, kama nasema kile anachodhani nasema. Nikasema ndiyo. Wewe ulisema moja iuzwe ili kulipia spea za nyingine. Hiyo ilikuwa hesabu ya dizeli. Dizeli inanunuliwa spea, petroli inatengenezwa, Mzee alituambia tangu Oktoba na tukaandika bila kusikia. Kama Datsun haihitaji tabo, Pijo inauzwa kulipia nini?

Alitoka chini na grisi usoni, akaniangalia. Akasema leo ana njaa kweli.

Jaribio la jioni: Datsun 23 na nusu.

Ijumaa, 25 Novemba

Nimemtuma Thadeus na Pijo hadi Mbololo. Nimeongea na akina mama wa huko, kunde na mchicha vimeshaanza kutoka na hawana gari la kuteremshia sokoni. Wakati wa kiangazi itabeba maji, wakati wa mvua itabeba mboga. Sijui kwa nini hatukufikiria hivyo miaka yote.

Jumapili, 27 Novemba

Bi Mwanamvita ana ulimi. Alikuja kumwona Mbula, akatukuta tumezunguka Datsun tunabishana kama tutoe mlango mmoja ama miwili. Mzee anasema mlango una kilo kumi na tano. Thadeus anasema bila mlango ataanguka nje. Bi Mwanamvita alisikiliza, mtoto akiwa kiunoni, halafu akasema pole pole kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Mwaitazama gari nyote. Dereva je? Thadeus mwanangu, wewe peke yako nusu pipa."

Tulikimbia hadi stoo ya nafaka, wana mizani ya magunia. Thadeus alipanda akiwa amevuta tumbo, kana kwamba mizani inaona. Kilo mia moja na mbili. Mimi nikapanda bila Mbula. Arobaini na tisa. Wapakiaji wa magunia walicheka hadi mmoja akakaa chini, lakini Thadeus hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa midomo.

"Hamsini na tatu," akasema. "Hiyo ni milango mitatu na zaidi."

Nilidhani atakasirika tena. Aliniuliza kama bado nakumbuka klachi.

Nilikuwa sijakusimulia vizuri hili, Sylus, wewe unajua tu kwamba baba alikuwa dereva wa trekta ya katani. Tangu darasa la nne alikuwa ananiweka mapajani, yeye anakanyaga, mimi nashika usukani. Nilipofika darasa la saba miguu ikafika, tukabadilishana. Alisema msichana akijua kurudisha trela nyuma, hakuna mwanaume atakayemzungusha. Alipofariki niliacha. Nikadhani nimesahau.

Jumatatu, 28 Novemba

Gari limezima mara sita. Mbula yuko kwa Bi Mwanamvita. Mguu wa kushoto unatetemeka.

Jumanne, 29 Novemba

Limezima mara mbili. Kuna harufu ya kuungua, Mzee anasema ni klachi, na asema ilikuwa karibu kuisha hata hivyo. Ni adabu yake tu. Nimeiunguza mimi.

Jumatano, 30 Novemba

Mbingu safi baada ya mvua ya asubuhi. Thadeus alisimama mwisho na saa yako, Mzee mwanzo na kofia. Thadeus alikuwa amenifundisha kitu kimoja tu, nisiogope sauti. Mimi huwa nabadilisha gia mapema kwa huruma, nadhani gari linaumia. Akasema shemeji, liache lilie kidogo, kama unavyomwachisha Mbula ziwa. Nikashangaa anajua mambo hayo. Kumbe wiki ile nilipoumwa mgongo ndiye aliyekuwa anamtembeza uani hadi analala, na mimi nilikuwa naandika ugali wake tu.

Mara ya kwanza 24. Mara ya pili gia ya tatu ilikataa, sikuandika.

Mara ya tatu kofia ilishuka, nikaachia klachi, nikaliacha lilie. Upepo uliingia mahali pa kiti kilichotolewa. Nilifikiri mambo mengi kwa muda mfupi ule na hakuna hata moja lililohusu maji. Nilipita jiwe, nikapita na kichaka cha baada ya jiwe, nikasimama nikiwa nimeshika usukani kama mkono wa mtu. Thadeus alikuja akikimbia. Sijawahi kumwona akikimbia. Hakusema nambari, alinionyesha saa.

Ishirini na mbili.

Jumapili, 4 Desemba

Daftari hili nampa Harith wa ofisi ya basi leo mchana, atakukabidhi mwenyewe kesho. Ningeweza kupiga simu. Lakini kwa simu ungenikatiza, na kwa daftari huwezi.

Sasa nisikilize. Usimpe mtu wa tabo hata senti, mwambie mkeo amekataa. Umwambie mwalimu wa Taveta Datsun haiuzwi, na Pijo pia haiuzwi. Nambari zote nimekuandikia, nzuri na mbaya, hata ile niliyoificha siku nne. Za Oktoba ni za kweli, usizifute, ila ni za gari lenye maji. Kama siku moja watashindanisha pikapu zilizopakiwa, ambayo kwa maoni ya Thadeus ndiyo mashindano ya watu wenye akili, basi tunajua itakayoenda.

Mzee Abdulghani anasema ukija usitafute kiwanja cha gereji. Nusu ya banda lake haina kazi, na macho yake hayaoni tena taimingi bila miwani ya mkewe. Hajasema kwa sharti la kushinda. Nilimuuliza mara mbili.

Nani ataendesha siku yenyewe, utaliona hapo chini. Tusibishane kwa barua.

Mvua inaendelea. Mahindi yamefika kwenye vifundo vya miguu. Mbula amesimama kwa kushika tairi la Pijo.

Nahitaji unitumie hivi, na Harith akirudi Alhamisi aje navyo:

Plagi nne za Datsun, mpya, siyo za kusuguliwa.

Jeti mbili za kabureta, saizi moja juu ya hii niliyokufungia kwenye karatasi na kuibandika hapa pembeni. Mzee anasema moja juu, siyo mbili.

Gaskiti ya ekzosi, moja.

Klachi pleti, moja. Ya zamani nimeshakuambia ilivyokwenda.

Filta ya oili ya Pijo, ili ujue nimesema kweli kwamba inabaki.

Kofia nyeupe ya Mzee Abdulghani, kichwa chake ni saizi yako. Ile ya zamani tumeishusha mpaka imekuwa ya kahawia.

Viatu vya Mbula, namba nne.

Na mto mmoja wa kukalia, mgumu, unene wa inchi nne. Miguu inafika vizuri. Ni macho tu ndiyo yanaishia kwenye usukani.